Malkia, ngome mbili na askofu ubaoni, na bado kafungwa: Rotlewi dhidi ya Rubinstein, Łódź 1907

Mshazari Mrefu (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, kwema?

Humu kila mtu akipewa kete nyeusi za chesi analia wimbo mmoja: mwenzako anaanza, wewe unafuata, ukitoka sare shukuru Mungu. Basi leo naleta mchezo ambao mwenye nyeusi hakufanya kioja chochote kwa hatua 14, akajipanga tu kama mtu mwenye adabu zake, halafu ghafla akatoa malkia, akatoa na ngome juu yake, na aliyesalimu amri ni yule mwenye kete nzito zaidi.

Ni Desemba 1907, mji wa Łódź. Leo uko Polandi, enzi zile ulikuwa ndani ya Dola ya Urusi. Nyeupe anacheza Georg Rotlewi, kijana wa miaka 18. Nyeusi anacheza Akiba Rubinstein.

Hatua zote hizi hapa, ziingizeni kwenye app mtembee nazo. Herufi ni zilezile za app: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni cheki (mfalme kapigwa), 0-0 ni mfalme kujificha pembeni kwa ngome, nukta tatu ni hatua ya nyeusi, na 0-1 ni nyeusi kashinda.

1.d4 d5 2.Nf3 e6 3.e3 c5 4.c4 Nc6 5.Nc3 Nf6 6.dxc5 Bxc5 7.a3 a6 8.b4 Bd6 9.Bb2 0-0 10.Qd2 Qe7 11.Bd3 dxc4 12.Bxc4 b5 13.Bd3 Rd8 14.Qe2 Bb7 15.0-0 Ne5 16.Nxe5 Bxe5 17.f4 Bc7 18.e4 Rac8 19.e5 Bb6+ 20.Kh1 Ng4 21.Be4 Qh4 22.g3 Rxc3 23.gxh4 Rd2 24.Qxd2 Bxe4+ 25.Qg2 Rh3 0-1

Wengi wanaruka moja kwa moja hadi hatua ya 22 kwenda kushangilia. Mimi nabisha: ile hatua ya 22 ni malipo tu. Deni lilikopwa kati ya hatua ya 10 na ya 14, na hapo ndipo nataka tukae. Narudi sasa hivi na ufunguzi.

---

Msee wa Farasi #2

Nimeweka kambi hapa. Wenye haraka wapite.

---

Mshazari Mrefu #3

Tuendelee.

Huu ni ukoo wa ufunguzi unaoitwa Gambiti ya Malkia, na ile c5 ya mapema ya nyeusi ndiyo alama ya Ulinzi wa Tarrasch. Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani, aliutetea kwa kila hali: alisema nyeusi asikae amejikunja, atoe askari wa c, kete zake zipate hewa, hata kama atabaki na askari mpweke pale d5. Ulinzi huo una faida na hasara zake, lakini hapa hoja hiyo haikufika hata mezani, kwa sababu Rotlewi alikula c5 mwenyewe hatua ya 6. Baada ya hapo pande zote mbili zinajipanga kama mtu na kioo chake: a3 kwa a6, b4 kwa b5, askofu b2 kwa askofu b7.

Sasa mpangilio wa kioo una shida moja. Usipoteze hatua hata moja, maana ukipoteza, mwenzako ndiye anakuwa nyeupe.

Angalieni hatua ya 10. Rotlewi anaweka malkia d2. Rubinstein anajibu Qe7, na kwa kufanya hivyo anamwachia askari wa d5 amle akitaka. Jaribuni kumla: 11.cxd5 exd5 12.Nxd5 Nxd5 13.Qxd5, na sasa malkia mweupe yuko katikati ya ubao, mfalme wake bado amekaa e1, na nyeusi anatoa kete zake zote kwa kumfukuza huyo malkia, akianza na Be6. Rotlewi aliona, akaacha kula. Sawa. Lakini sasa malkia wa d2 anafanya kazi gani? Hana. Na hatua ya 14 anahama kwenda e2, mraba ambao angeweza kwenda kwa mkupuo mmoja tangu mwanzo.

Hiyo ni hatua moja imeliwa na upepo.

Ya pili ni ya askofu. Rotlewi anatoa askofu d3 hatua ya 11, na papo hapo Rubinstein anakula c4. Askofu inabidi asogee tena kula, kisha b5 inamfukuza, anarudi d3 palepale alipotoka. Mikupuo mitatu kufika d3! Askofu wa nyeusi alifika d6 kwa miwili. Rubinstein alikuwa anamsubiri huyo askofu atoke ndipo ale. Nani alikula kwanza pale katikati lilikuwa suala la subira tu, na mwenye subira alikuwa yeye.

---

Mbishi Halisi #4

Mkuu nakuheshimu, ila huyo Rotlewi kwa maelezo yako mwenyewe ni mtoto wa miaka 18 anayehamahamisha malkia kama yuko kijiweni. Kumfunga mtu wa hivyo kuna sifa gani? Tuletee mchezo wa wanaume wawili kamili.

---

binti_sataranji #5

Kaka Mbishi, pole pole na mtoto wa watu. Huyo huyo Rotlewi mwaka 1911 alikwenda Karlsbad, mashindano makubwa hasa, akamaliza wa nne. Wa kwanza alikuwa Teichmann, Rubinstein na Schlechter wakagawana ya pili na ya tatu. Ukiwa wa nne nyuma ya majina hayo, kijiweni hukai. Alipata maradhi baada ya hapo, akaacha kucheza, akafariki 1920 akiwa kijana. Inasikitisha kwamba watu wanamkumbuka kwa mchezo huu mmoja tu aliofungwa.

Na kingine: hatua zake hakuna hata moja ambayo ukiitazama peke yake utasema ni ya ovyo. Hapo ndipo utamu wa mchezo.

---

Mbishi Halisi #6

Sawa, la Karlsbad nimelipokea. La hatua bado.

---

Mshazari Mrefu #7

Ahsante binti. Mbishi, twende kwa hesabu basi, hesabu haina upendeleo.

Simamisheni mchezo baada ya 15.0-0. Nyeupe ana askofu d3 na b2, farasi c3 na f3, malkia e2, mfalme amejificha. Nyeusi ana askofu d6 na b7, farasi c6 na f6, malkia e7, mfalme amejificha. Askari wamepangana sawasawa: a, b na e wamesogea vilevile kila upande. Ni kioo. Tofauti ni mbili tu: ngome ya Rubinstein tayari imekwenda d8, na zamu ni yake.

Yaani kazi ambayo nyeupe ametumia hatua 15, nyeusi ameifanya kwa 13, ya 14 akaitumia kuweka ngome kwenye safu iliyo wazi. Aliyeanza wa kwanza amekuwa wa pili. Mbishi, kama huoni hapo mchezo umeshapinda, sijui nikupe nini.

Na Rubinstein hapotezi muda kusherehekea. 15...Ne5 mara moja, kuvunja kioo. Farasi wanabadilishana, askofu mweusi anatua e5, na hatari iko wazi: Bxh2+, mfalme akila, Qd6+ kisha askofu wa d3 analiwa. Askari mmoja amekwenda hivi hivi.

---

Msee wa Farasi #8

Hapo ndio nina swali. Hatua ya 17 kacheza f4 kumfukuza askofu. Mimi ningecheza hivyo pia kusema kweli. Kosa liko wapi? Kwani hakuwa na njia nyingine?

---

Mshazari Mrefu #9

Alikuwa nayo. 17.Rfd1, ngome inakuja kumlinda askofu wa d3 na ile hila ya h2 inakosa nguvu. Isingekuwa raha, maana 17...Qc7 inaleta malkia nyuma ya askofu na h2 inaanza kuwaka tena, lakini angalau mfalme bado ana ukuta wake.

f4 ni hatua ya mtu anayetaka kufuta aibu haraka. Amejikuta nyuma, anataka kusukuma. Sasa fuateni mishazari miwili, na hapa naomba msome taratibu.

Mshazari wa kwanza ni ule wa a7 hadi g1. Askari wa f alikuwa f2, wa e alikuwa e3, mlango umefungwa mara mbili. Akacheza f4: kufuli moja imefunguka. Akacheza e4: ya pili imefunguka. Askofu wa Rubinstein aliyefukuzwa e5 alirudi c7 kimya kimya, na kutoka c7 hadi b6 ni hatua moja.

Mshazari wa pili ni ule mrefu, b7 hadi h1. Askari wa e4 alikuwa bado ameuziba. Akacheza 19.e5 kumpiga farasi wa f6, na mshazari ukawa mweupe pe hadi g2.

Kwa hiyo maaskofu wawili wa Rubinstein wanamtazama mfalme kwa macho mawili, na milango yote Rotlewi kaifungua kwa mkono wake. Bb6+ ni cheki, mfalme anakwenda h1, yaani anakwenda kukaa mwishoni mwa ule mshazari wa pili. Na farasi aliyepigwa hakukimbia nyuma, aliruka mbele, g4.

Mkisema amle farasi kwa malkia, 21.Qxg4, basi Rxd3 na kete imerudi, na ngome inaelekea d2 kuungana na askofu wa b7 kuigonga g2. Akianza na 21.Bxh7+ Kxh7 22.Qxg4, jibu ni Rd2 vilevile. Rotlewi akachagua Be4, kuziba mshazari kwa askofu wake. Ndiyo hatua ya maana kuliko zote alizokuwa nazo. Haikutosha.

---

Kete ya Mwisho #10

Mimi ni mtu wa drafti, chesi najifunza. Lakini kuna kitu hapa nakitambua kabisa. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo unampa mwenzako kete moja, mbili, anakula hataki, unamvuta hadi unapotaka wewe, halafu unapita naye. Nilidhani kwenye chesi hakuna hilo kwa sababu mtu ana hiari ya kukataa. Sasa kuanzia hatua ya 22 nikaona Rotlewi anakula, anakula, anakula, halafu kafa. Alilazimishwa na nani?

---

Mshazari Mrefu #11

Mkuu umegusa penyewe. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Kilichomlazimisha ni mraba wa h2.

21...Qh4 inatishia Qxh2 na mati, yaani mfalme kapigwa na hana pa kwenda, kwa sababu farasi wa g4 yuko nyuma ya malkia. Rotlewi anacheza 22.g3: anampiga malkia, na wakati huohuo anafungua mstari wa pili ili malkia wake wa e2 ailinde h2 kutoka mbali. Kete moja kazi mbili. Ni ulinzi mzuri tu kwa macho.

Rubinstein hamgusi malkia wake. Anakula farasi wa c3 kwa ngome.

Kama Rotlewi ataila ile ngome, 23.Bxc3, basi Bxe4+, malkia akila askofu, Qxh2 mati. Kwa hiyo anakula malkia, 23.gxh4. Kuna mtu hapa asingekula malkia?

Kisha 23...Rd2.

Sasa simamisheni app na mtazame picha hii, kwa sababu sijaona nyingine kama hiyo. Rubinstein hana malkia. Ngome ya d2 inaweza kuliwa na malkia. Ngome ya c3 inaweza kuliwa na askofu wa b2. Askofu wa b7 anaweza kuliwa na askofu wa e4. Farasi wa g4 anaweza kuliwa na malkia. Kete nne ziko mdomoni mwa adui, na ya tano, askofu wa b6, ndiye pekee aliyekaa salama, ameibana g1 ili mfalme asiwe na pa kutokea. Na ni zamu ya nyeupe. Na nyeupe amekwisha.

Malkia wa e2 ana kazi mbili: kulinda h2 na kumlinda askofu wa e4. Ngome iliyotua d2 inampiga malkia huyo, na akiondoka kwenye mstari wa pili inakwenda h2 yenyewe. Chaguo zake:

24.Qxd2, aliyoicheza, anaacha e4. Bxe4+, malkia anarudi g2 kuziba, na hapo amefungwa kamba na askofu, hawezi kuondoka kwenye mshazari. 25...Rh3, ngome inakaa mbele ya pua ya malkia, na malkia hawezi kuila. Akijaribu 26.Rf3, Bxf3 27.Qxf3 Rxh2 mati. Akimla askofu wa e4, Rxh2 mati palepale.

24.Bxb7 Rxe2 25.Bg2, anadhani kaziba. Rh3! Askofu akiila, Rxh2 mati.

24.Qxg4 Bxe4+ na mfalme hana mtetezi.

24.Bxc3 Rxe2, malkia kaenda na h2 bado inasubiri.

Rotlewi alisalimu amri baada ya Rh3. Hesabuni kilichobaki: yeye ana malkia, ngome mbili, askofu. Rubinstein ana ngome moja, maaskofu wawili na farasi.

---

Kete ya Mwisho #12

Dah. Kumbe hata huku kuna kula kwa lazima, ila hakujaandikwa.

---

Msee wa Farasi #13

Wacha niulize ya mwisho kabla sijalala. 22.h3 badala ya g3? Inazuia Qxh2 na inampiga farasi. Mbona haikuchezwa?

---

binti_sataranji #14

Hii niachieni mimi, nimeikalia usiku kucha wakati fulani.

22.h3 Rxc3! ileile. Hii ngome inakwenda c3 kwa kila hali, kwa sababu askofu wa e4 anategemea malkia peke yake baada ya farasi wa c3 kuondoka.

23.Bxc3 Bxe4. Akila 24.Qxe4, basi Qg3, malkia mweusi anakaa g3 bila wasiwasi, anatishia h2. 25.hxg4 Qh4 mati. Nzuri ilioje, malkia anakwenda g3 na kurudi h4 na kazi imekwisha.

Akila 24.Qxg4 Qxg4 25.hxg4, mnadhani moto umezimika kwa kuwa malkia wote wametoka. Rd3! inatishia Rh3 mati, maana askari wa g2 kafungwa kamba na askofu wa e4, hawezi kula. Mfalme akitoka h2, Rxc3, na nyeusi ana maaskofu wawili kwa ngome moja. Mchezo umekwisha, ila kwa mwendo wa polepole.

Akila kwa malkia mapema, 23.Qxg4, jibu ni Rxh3+ 24.Qxh3 Qxh3+ 25.gxh3 Bxe4+ 26.Kh2 Rd2+ 27.Kg3 Rg2+ 28.Kh4 Bd8+ 29.Kh5 Bg6 mati. Yaani mfalme anatembezwa kutoka h1 hadi h5 kwa miguu yake. Hiyo mwisho itembezeni kwenye app, siwezi kuisimulia vizuri.

---

mgeni_ubaoni #15

Huyu Rubinstein baadaye alikuwa bingwa wa dunia? Jina lake silisikii sana.

---

Mshazari Mrefu #16

Hakuwa, na kwa wengi wetu ndiye mkubwa kuliko wote waliokosa taji. Alizaliwa Stawiski, Polandi, familia ya Kiyahudi iliyotaka awe mwanachuoni wa dini. Chesi aliijua akiwa tineja, umri ambao siku hizi watoto wanakuwa tayari na vyeo. Akahamia Łódź, alikokuwa Salwe, mchezaji mkali wa pale, wakapigana mpaka akampita.

Mwaka 1912 ulikuwa wake: San Sebastián, Piešťany, Breslau aliposhirikiana nafasi ya kwanza, Warsaw, Vilnius. Matano kwa mwaka mmoja. Pambano na Lasker, bingwa wa wakati ule, likapangwa, na 1914 vita vikaja vikalifuta. Baada ya vita hakuwa yule tena. Akili ilianza kumsumbua, akaacha mashindano miaka ya 1930 mwanzoni, akaishi Ubelgiji hadi alipofariki Antwerp mwaka 1961. FIDE, shirikisho la chesi duniani, ilipotoa cheo cha grandmasta kwa mara ya kwanza, 1950, jina lake lilikuwemo.

Ukweli ni kwamba sifa yake kubwa ni miisho ya ngome, yaani kumalizia mchezo pakibaki ngome na askari, si kafara. Mchezo huu si sura yake ya kila siku.

---

Mbishi Halisi #17

Nimesoma yote, nimetembea nayo, la hesabu ya 15 kwa 13 nimelikubali. Ila nabaki na moja: hizo ni enzi za watu kuvaa kofia na kucheza kwa mishumaa. Leo kila mtu ana kompyuta nyumbani. Hakuna atakayeachia maaskofu wawili wamwelekee namna hiyo.

---

binti_sataranji #18

Kaka yangu Mbishi, Januari 2013, Wijk aan Zee, Uholanzi. Nyeupe Aronian, nyeusi Anand, bingwa wa dunia wakati huo. Hatua 23 tu:

1.d4 d5 2.c4 c6 3.Nf3 Nf6 4.Nc3 e6 5.e3 Nbd7 6.Bd3 dxc4 7.Bxc4 b5 8.Bd3 Bd6 9.0-0 0-0 10.Qc2 Bb7 11.a3 Rc8 12.Ng5 c5 13.Nxh7 Ng4 14.f4 cxd4 15.exd4 Bc5 16.Be2 Nde5 17.Bxg4 Bxd4+ 18.Kh1 Nxg4 19.Nxf8 f5 20.Ng6 Qf6 21.h3 Qxg6 22.Qe2 Qh5 23.Qd3 Be3 0-1

Askofu b7, askofu mwingine kwenye mshazari wa g1, farasi g4, na f4 imesukumwa. Anand mwenyewe baada ya mchezo aliutaja ule wa Rubinstein. Na Aronian si mtoto wa miaka 18.

---

Mbishi Halisi #19

Ngoja. Hatua ya 16, farasi anawekwa e5 na askari wa f4 yupo pale pale. Kwa nini Aronian asimle? Nimekodoa macho dakika nzima.

---

Mshazari Mrefu #20

Askari wa d4 hawezi kumla, maana amezuia cheki ya askofu wa c5. Wa f4 anaweza: 17.fxe5 Qxd4+ 18.Kh1 Qg1+! Ngome ndiyo pekee ya kula malkia, 19.Rxg1, na sasa mfalme yuko kona ya h1, ngome g1, askari g2 na h2, hana hata tundu la kupumulia. Nf2 mati.

---

Mbishi Halisi #21

Haya. Nani ana michezo mingine ya Rubinstein na nyeusi, aweke hapa hapa kwenye huu uzi, tusifungue mwingine.